Sidii ya buku mbili toka Mgandini imeninyima usingizi: Simfonia ya 9 ya Dvořák

#1 Mtoa uzi

Wakuu salama? Naandika hapa Ngamiani saa sita na ushee usiku, nyumba nzima washalala, mimi nina hedifoni masikioni na hii ni mara ya nne narudia kitu kimoja toka saa ya magharibi, nikaona bora niwashirikishe wenzangu maana kesho dukani nikianza kuelezea watu wataniacha na kahawa yangu.

Mimi ni fundi redio, amplifaya, deki, saabufa, vyote nashika. Jumamosi nilienda Mgandini kutafuta deki ya sidii ilokufa niichomoe lenzi nimalizie kazi ya mteja. Kuna jamaa anauza vyombo vya mtumba, pembeni ana boksi la sidii limejaa vumbi, nyingine kava tupu, nyingine sidii bila kava, nikawa nachambua tu huku tunavutana bei ya deki. Ndo nikaiona. Kava jeupe, katikati kamchoro kadogo, maandishi ya kawaida kabisa kama cheti cha semina. Mtunzi Dvořák, Simfonia nambari 9 (simfonia ni muziki mrefu wa okestra, hii ina sehemu nne), ile wanaiita "Kutoka Ulimwengu Mpya". Kampuni Naxos. Okestra Slovak Philharmonic, mwongozaji Stephen Gunzenhauser. Nikauliza bei gani, akaniambia buku mbili mjomba, toa tu uipunguzie nafasi.

Sasa niseme ukweli, nilikua naijua hii simfonia kwa miaka. Ninayo kwenye fleshi, emupithrii alonipa rafiki, imepigwa na okestra kubwa ya Ulaya na mwongozaji ambae jina lake hata asiefatilia muziki huu keshawahi kulisikia. Kwa hiyo hii ya Mgandini niliinunua kwa dharau. Nikasema ntaitumia kujaribia deki nikishafunga lenzi, maana simfonia ina sauti ndogo kabisa na sauti kubwa kabisa, kama deki ina tatizo utalijua upesi.

Nikafunga lenzi, nikaifuta sidii (wakuu, sidii haifutwi kwa kuzungusha kitambaa, unafuta kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka, ukizungusha ukatia mkwaruzo unafata njia ya data na deki inashindwa kujirekebisha), nikawasha. Mwanzo ni sello chini chini, pole pole, kama mtu anaongea peke yake kibarazani. Nikaona sauti ndogo nikapandisha voliumu. Kosa. Hazipiti sekunde nyingi okestra nzima inashuka na ngoma za timpani, jirani kagonga ukuta, spika zangu za inchi nane nikaona zinatoka kabisa nje. Nikashusha, nikarudisha mwanzo, nikakaa chini. Toka hapo sikuinuka.

Nilichosikia ni hiki. Kila chombo kina mahali pake. Kwenye ile ya fleshi fidla zilikua ni ukuta mmoja tu wa sauti, huku nasikia fidla za kwanza zipo kushoto, beisi zimekaa upande mwingine, horni zinatokea nyuma kama mtu anaita toka ng'ambo ya bandari. Na hawapigi kwa mbwembwe. Huyu mwongozaji hajaribu kukuonesha kwamba yeye ni nani, anauacha wimbo uende wenyewe, panapotakiwa kunyamaza wananyamaza, panapotakiwa nguvu nguvu inakuja, basi.

Alafu ikafika sehemu ya pili, Largo. Hapa nataka mnivumilie niende taratibu.

Inaanza na vyombo vya kupuliza vya shaba, mapigo mazito ya polepole, kama geti kubwa linafunguliwa. Alafu kimya kidogo, alafu inaingia sauti moja. Chombo chenyewe kinaitwa cor anglais, ni ndugu mkubwa wa oboe, na sisi wa pwani hatuna haja ya kuelezwa sana kwa sababu ni ukoo mmoja na nzumari yetu: ulimi wa mapande mawili mdomoni, pumzi inapita katikati, sauti inatokea puani kidogo. Isipokua nzumari ya harusini inapiga kelele ishindane na ngoma, hii imepoa, imezeeka, inaimba kama mtu aliekaa mbali na kwao siku nyingi na hana mpango wa kulia mbele za watu. Nimesikia huo wimbo mara mia kwenye fleshi na sikuwahi kuisikia pumzi ya mpigaji. Kwenye hii ya buku mbili nimesikia anavuta pumzi kabla ya kuanza. Mtu mzima, sijui jina lake, yuko Bratislava, amevuta pumzi, na mimi niko barabara ya kumi na tatu nimeisikia.

Sasa mwisho mwisho wa hiyo Largo ndo palinifanya niandike huu uzi. Ule wimbo unarudi, safari hii wanapiga fidla, wachache tu, wanaendelea kupungua. Ghafla kimya. Nikasema basi, sidii imekwaruzika, inaruka. Inaendelea noti chache, kimya tena. Nikaitoa, nikaifuta, nikaangalia lenzi, nikairudisha. Pale pale kimya. Nikachukua ile ya fleshi nikaenda dakika hizo hizo, na yenyewe kimya kipo, ila kule kilifunikwa na ule mvumo wa emupithrii na feni ya dukani nikawa sijawahi kukitambua. Wakuu, sio mkwaruzo! Ndo alivyoandika mtunzi. Wimbo unakatika kama mtu anaeongea na kooni pamekaba, anameza, anaendelea maneno mawili, anakabwa tena, mpaka wanabaki wapigaji wachache kabisa ndo wanaumalizia.

Miaka yote kazi yangu ni kutafuta mahali sauti inapokatika ili niizibe. Leo nimekutana na mkatiko ambao haufai kuzibwa.

Naendelea kesho, kuna mengi kuhusu hii kampuni na kwa nini sidii zao zilikua rahisi.

#2 Mdau wa Chumbageni

Mkuu umeandika mpaka nimeenda kutafuta chaja ya hedifoni. Swali langu, kama ni nzuri hivo kwa nini iuzwe bei chee? Kitu rahisi ghali bwana, mi ndo nnavojua.

#3 Mtoa uzi

Hilo swali zuri na ndo lilinifanya nidharau mwanzoni, kwa hiyo nalijibu vizuri.

Naxos ilianzishwa 1987 Hong Kong na Mjerumani anaitwa Klaus Heymann. Wakati ule sidii zilikua ghali, na kampuni kubwa za Ulaya na Marekani ziliuza majina. Unalipia picha ya mwongozaji kwenye kava, unalipia matangazo, unalipia mkataba wake ambao kila sidii ikiuzwa na yeye anakula asilimia. Heymann akaenda njia nyingine. Akatafuta okestra za Ulaya Mashariki, ambazo wapigaji wake wamesoma vizuri, wanapiga pamoja kila wiki miaka nenda rudi, lakini gharama zao wakati ule zilikua ndogo ukilinganisha na London au Berlin. Akawalipa mara moja, kazi imekwisha, hakuna asilimia. Akachagua tungo ambazo watunzi wake walishafariki zamani, Dvořák mwenyewe kafariki 1904, hakuna wa kumlipa haki za utunzi. Na akawa hatoi simfonia moja mara kumi na waongozaji kumi, anatoa moja, anahamia nyingine, lengo lake ni kujaza maktaba. Ndo maana aliweza kuuza kama theluthi ya bei ya wale wakubwa.

Kwa hiyo ukiangalia hapo, kilichopunguzwa ni nini? Umaarufu, matangazo, kava. Upigaji haukuguswa. Slovak Philharmonic ni okestra ya taifa ya tangu 1949, sio kikundi kilichookotwa. Walipomrekodia Naxos hizi simfonia za Dvořák, Bratislava bado ilikua ndani ya Chekoslovakia, na huyu Dvořák ni Mcheki, maana yake wanapiga muziki wa nchi yao, hawana haja ya kufundishwa ule mdundo wa ngoma za kijijini unaotokea sehemu ya tatu.

Ila kuna kitu kinaniuma pia na siwezi kukificha. Wale wapigaji walilipwa mara moja. Yule mpuliza cor anglais ambae nimesikia pumzi yake, jina lake halimo kwenye kava, nimelitafuta mpaka kwenye kijitabu cha ndani. Sisi Tanga tunalijua hili, wazee wetu wangapi wa taarab na dansi walirekodi, nyimbo zikapigwa redioni miaka na miaka, wenyewe wakabaki na posho ya siku ile. Furaha yangu ya buku mbili kuna mtu aliilipia.

#4 Mdau wa Dar

Samahani mtoa uzi, sipingi raha yako ila hoja yako ina tundu. Umelinganisha sidii na emupithrii. Emupithrii ya 128 (kilobiti 128 kwa sekunde) imekatwa data kibao, lazima isikike kama ukuta. Tofauti uliyosikia ni ya faili, sio ya okestra. Ungechukua sidii ya yule mwongozaji mkubwa ndo ungeongea. Hapo umemuonea mzee wa watu.

#5 Mtoa uzi

Mkuu umenishika pabaya na nakubali kabisa. Hata mimi ningemwambia mteja hivo hivo. Sidii inabeba sampuli 44,100 kila sekunde za biti 16, sasa ile yangu ya fleshi ilikua imebaki mifupa.

Kwa hiyo jana nimefanya hivi. Kwanza, nimeikamua hii ya Naxos kuwa emupithrii ya 128, nikaiweka kwenye fleshi hiyo hiyo, spika zile zile, feni nimezima. Kweli, ule ukuta umerudi, nafasi ya vyombo imefinyika, pumzi ya mpigaji imepotea. Ushindi wako, tena mkubwa. Namuomba radhi yule mwongozaji wa fleshi, nilimhukumu kwa kosa la aliembana.

Pili, kijana mmoja mteja wangu ana bando la kutosha, kaniletea rekodi ya mwongozaji Karel Ančerl na okestra ya Czech Philharmonic, ya 1961, kwa ubora wake kamili. Hii ni moja ya zinazosifiwa sana duniani kwa simfonia hii na nimeelewa kwa nini. Nimesikiliza zote mbili jana na leo, sehemu kwa sehemu, nikiandika kwenye daftari la risiti.

Sehemu ya nne Ančerl ana moto ambao yule wa buku mbili hana. Pale tarumbeta na horni zinapoingia na ule wimbo mkuu, Ančerl anakukamata ukosi. Huyu Gunzenhauser anaingia vizuri ila kama mtu anaefungua mlango kwa ufunguo, mwenzake kaupiga teke. Sehemu ya kwanza nimeona wako karibu. Sehemu ya tatu, ile ya kuchezeka, naona Ančerl yuko mwepesi zaidi.

Ila Largo, wakuu. Largo nimerudia mara tatu tatu na bado narudi kwa ya Mgandini. Labda ni kwa sababu ndo iliyonifungua masikio, siwezi kujitoa kwenye hilo. Ukiniuliza kama fundi, rekodi ya Ančerl ni ya zamani na kuna mvumo kidogo wa utepe, na ile mikatiko ya mwisho inahitaji kimya kisafi. Naxos imerekodiwa kidijitali, pakinyamaza pamenyamaza kweli, unasikia ukumbi tu. Hapo rekodi rahisi imeishinda ya sifa, kwa sekunde chache, lakini ni zile sekunde zenyewe.

Kwa hiyo narekebisha kauli: sisemi ni bora duniani. Nasema ukiwa nayo hii peke yake huna unachokosa cha msingi, na sikutegemea kusema hivo kwa kitu nilichonunua nijaribie deki.

#6 Mdau wa Muheza

Mimi ni mwalimu wa kwaya, sijawahi kusikia simfonia hata moja mpaka leo nilipofungua kwa ajili ya uzi huu. Huo wimbo wa Largo nimeukamata kwa sol-fa mara ya kwanza tu: mi so so, mi re do, re mi so mi re. Alafu unarudi mi so so, mi re do, re mi re do do. Hakuna fa wala ti hapo! Ndo maana unaingia upesi, ni ngazi ya noti tano, nyimbo zetu nyingi za kijijini ziko hivo hivo. Nimewaimbisha sauti ya kwanza mazoezini jioni bila kuwaambia umetoka wapi, dakika tano wameshika, mama mmoja akaniuliza mwalimu hii ya pambio gani mbona kama naijua.

#7 Mdau wa Bagamoyo

Mwalimu wa Muheza, huyo mama kaongea kitu kikubwa, niongezee historia kidogo maana nimesoma sanaa na hili tulilijadili sana darasani.

Dvořák alikua mtoto wa mchinja nyama aliekua na nyumba ya wageni kijijini. 1892 aliitwa New York kuongoza chuo cha muziki, National Conservatory, mwanzilishi wake mama mmoja anaitwa Jeannette Thurber, na chuo kile kilipokea wanafunzi weusi wakati ambao milango mingi ilikua imefungwa kwao. Mmoja wa wanafunzi alikua Harry Burleigh. Babu yake Burleigh alikua mtumwa, na ndie aliemuimbia mjukuu zile nyimbo za mashambani. Burleigh akawa anakwenda kumuimbia Dvořák nyumbani kwake, na mzee akavutiwa mno, akasema wazi kwamba muziki wa Marekani wa kesho ujengwe juu ya nyimbo za watu weusi. Kwa mwaka 1893 hiyo ilikua kauli nzito.

Wimbo wa Largo aliutunga mwenyewe Dvořák, hakuuchukua popote. Lakini 1922 mwanafunzi wake William Arms Fisher akautia maneno ya mtu anaerudi kwao, ukaenea makanisani mpaka watu wakaamini ni wimbo wa kale wa watumwa. Wimbo ulijifunza kwa watu, alafu watu wakaupokea kama wao.

Mimi niko Bagamoyo, mnajua mji huu umebeba nini. Nimeisikiliza Largo jana jioni upande wa Kaole, bahari imekupwa, na nilipokumbuka babu yake Burleigh nikashindwa kuimalizia. Nimerudia leo asubuhi.

#8 Mdau asiekubali

Wazee mnajisumbua. Tanga hii ndo mji wa taarab, Black Star, Lucky Star, dansi ya Atomic na Jamhuri, leo mnakesha na muziki wa Wazungu ambao hauna hata maneno. Utamaduni wetu nani atausikiliza?

#9 Mtoa uzi

Ndugu yangu sikukatai, Jamhuri nimekua nayo, marehemu baba alikua akirudi Jumamosi anaweka redio dirishani mtaa mzima unasikia. Mimi ndo nakarabati kanda za watu za hizo bendi hapa Ngamiani, bure kabisa kwa wazee, kwa hiyo mapenzi yangu kule hayajapungua hata tone. Masikio hayajai.

Na kuhusu kutokua na maneno, ngoja nikusimulie cha leo. Kuna mzee jirani yangu, alifanya kazi reli miaka mingi, sasa anakuja dukani asubuhi kusoma gazeti. Leo nikamwambia mzee shikamoo, kaa hapa nikusikilizishe kitu, sikumwambia ni nini. Nikamwekea sehemu ya nne toka mwanzo. Kama mnaikumbuka inaanza fidla na sello noti mbili, zito, pole pole, zinarudia, zinakaribiana, zinaongeza kasi, zinaongeza, alafu horni na tarumbeta zinalipuka. Mzee kaweka gazeti chini. Kaniambia, hiyo garimoshi inatoka stesheni, hapo magurudumu yanateleza kwanza, hayajashika reli, sasa yameshika. Kwa mkono anaonesha ule mkono wa chuma unavyozungusha gurudumu.

Wakuu, Dvořák alipenda treni kupita kiasi. Hili linajulikana, Prague alikua anakwenda stesheni kuzitazama tu, anajua injini kwa namba. Sisemi kwamba pale kaandika treni, hakuna mahali alipoandika hivo. Nasema mzee wa reli ya Tanga kasikia, bila maneno hata moja.

Alafu nikatulia nikakumbuka tarehe. Simfonia hii kaiandika 1893, kati ya Januari na Mei, ikapigwa mara ya kwanza Carnegie Hall tarehe 16 Desemba 1893, mwongozaji Anton Seidl. Na reli yetu hii, ya kutoka hapa Tanga, Wajerumani walianza kuijenga mwaka gani? 1893. Ikafika Muheza 1896, Mombo 1905, Moshi 1911. Nikamwambia mzee mambo haya mawili ni rika moja. Akacheka, akasema basi mwenzangu kazeeka vizuri kuliko sisi. Akaomba nimrudishie ile ya garimoshi, na akaomba nimwambie matoazi yanapiga wapi, maana nilikua nimemwambia kwamba kwenye simfonia nzima ya dakika kama arobaini na kitu mpiga matoazi anayagusa mara moja tu, taratibu, kwenye sehemu hii ya nne. Mtu anakaa muda wote huo kwa ajili ya mguso mmoja. Na mpiga tuba, lile lishaba kubwa la kupuliza lenye sauti nzito, hivo hivo, yeye ana noti chache kwenye Largo basi, kwengine kote amekaa nayo magotini. Tulikodoa masikio wote wawili, ilipofika mzee kainua kidole juu: hapo! Na palikua hapo.

Kwa wanaotaka kuanza, ushauri wa fundi. Usiweke voliumu kwa kufata mwanzo, utapasua spika kama nilivyotaka kupasua mimi. Nenda mwanzo wa sehemu ya nne pale zinapolipuka, weka sauti inayovumilika, alafu rudi mwanzo na usiguse tena kitufe. Sehemu ndogo zitakua ndogo kweli, ndo zinavotakiwa, zima feni. Ile mitindo ya kwenye saabufa ya "bass" na "rock" toa yote, acha bapa. Na msiondoke kwenye mlio wa mwisho kabisa, wote wanapiga kwa nguvu alafu fidla zinaachia, wanabaki wapulizaji peke yao wameshikilia, inafifia, inafifia, huwezi kusema imeisha lini.

#10 Mdau wa Chumbageni

Mkuu nimepita Mgandini leo mchana, yule jamaa boksi analo bado ila kanitajia buku tano. Kaniambia kuna fundi mmoja kazisifia sana. 😀 Nimechukua mbili, kava jeupe zote, moja ya Haydn. Ntaleta mrejesho. Ile ya Dvořák ntakuja kukuazima.

#11 Mtoa uzi

Njoo nayo ya Haydn tubadilishane. Siazimishi bila kubaki na rehani.

#12 Mdau wa Bagamoyo

Nimerudi. Kuna rafiki yangu anapiga nzumari, anapiga kwenye harusi na maulidi huku, nikamwekea Largo kwenye simu, nikamwambia jaribu. Kwanza akasema huyo mtu amefunga sauti, hakupuliza yote. Akajaribu. Noti zote tano anazo, wimbo ameupata, ila nzumari yake haikubali kupigwa chini chini, ikilegezwa inakata. Akabadilisha ulimi mara mbili. Akajaribu kulainisha ulimi kwa mate, akakaa nao mdomoni muda mrefu, akaanza tena taratibu kabisa, na pale kwenye re mi so mi re ikakatika katikati, pumzi ikapotea, alafu ikarudi yenyewe.

Nimerekodi kwa simu, kuna kelele za bodaboda nyuma. Mtoa uzi nikutumie?

#13 Mtoa uzi

Itume hivo hivo ilivyo, na usiipitishe WhatsApp, itabanwa. Iweke kwenye baruapepe faili zima. Nafunga duka saa mbili, feni nazima, mzee wa reli kasema na yeye anabaki.